Chupa kutoka Miji Saba

Ijumaa ile, saa mbili asubuhi, Inspekta Mwilambwe alikuwa amebakiwa na saa nne tu. Ikifika saa sita mchana mwendesha mashtaka angetia sahihi, na Henriette Mwewa, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye kwaya nzima ya kitongoji cha Panda ilikuwa tayari kumwapia, angepandishwa gari la gereza.

Faili lilikuwa jembamba. Kwa miaka kumi na miwili Henriette alimtunza Dona Leonor Medeiros, mjane wa Kireno aliyekuwa na duka katikati ya mji wa Likasi. Baada ya vita vya Kolwezi, mwezi wa tano wa mwaka ule wa 1978, bibi huyo alikuwa mgonjwa na hatembei tena. Akaomba arudishwe kufia kwao, kisiwa kimoja cha Bahari ya Atlantiki kiitwacho São Miguel, na Henriette akaondoka naye mwezi wa sita. Funguo za nyumba alibaki nazo Georges Kabamba, karani wa duka.

Jumamosi ya tarehe nane Julai cherehani na mkufu wa dhahabu vilitoweka katika nyumba hiyo. Georges alishtaki. Alisema Henriette hakuvuka Kinshasa hata siku moja: alirudi kimyakimya, akajificha Kakanda kwa ndugu zake, kisha akaja na ufunguo wake wa zamani akajichukulia. Mlinzi wa nyumba, mzee Édouard, alikuwa ametia kidole chake chini ya karatasi iliyosema kwamba mchana ule alimwona Henriette, cherehani kichwani, na hata wakasalimiana. Henriette alirudi Likasi Jumatatu tarehe mbili Oktoba. Jumanne akakamatwa.

Pasiporti yake ilibaki Kinshasa, na barua ya kuiulizia ingerudi baada ya mwezi. Dona Leonor alikuwa amekufa. Mwanawe alikuwa Lisboa, na barua ya Lisboa haina mbio kuliko ya Kinshasa. Jumatano Mwilambwe alikwenda Kakanda, akaonyeshwa nyumba, mashamba, mpaka banda la mbuzi, na hakuna aliyemwona Henriette huko. Mwendesha mashtaka alicheka aliposikia. Ndugu husemea ndugu, alisema.

Juu ya meza vilikuwa vielelezo vitatu. Cha kwanza ni picha: Henriette amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu, bibi kizee amefunikwa blanketi, na nyuma yao weupe mtupu. Georges aliapa kuwa hiyo ni shuka iliyotundikwa kwa mpiga picha wa mtaa wa Kikula. Cha pili ni kalenda ya duka la Medeiros, yenye maziwa mawili ndani ya mlima, moja la bluu na moja la kijani. Cha tatu ni chupa ya maji, imezibwa kwa kizibo na nta ya mshumaa, ambayo ilikutwa imeviringishwa kitenge katikati ya mzigo wa Henriette. Askari aliyeiandika alikuwa ameongeza kwa mkono wake, "maji, pengine ya dawa," na tangu hapo hakuigusa tena.

Henriette akaletwa. Mwilambwe alimpa kiti, chai na kipande cha mkate. Yeye akaumega mkate ule, nusu akampa askari aliyemleta.

"Mama Henriette, ulilala?"

"Nililala, aksanti, chef. Bantu ba huku bananichunga muzuri." Alisema hivyo kwa Kiswahili cha Panda, bila kejeli, na askari akatazama viatu vyake.

"Ile tarehe munane ya Julai, ulikuwa wapi?"

"Sete Cidades. Nilisha kusema mara ine."

"Sema ya tano. Ile jina maana yake ni nini?"

"Miji Saba." Uso wake ulifunguka. "Miji saba, na haiko hata moja! Iko kijiji kidogo, na kanisa yake."

Mwilambwe akamsogezea kalenda. "Hii ulikuwa unaipangusa?"

"Kila siku. Dona Leonor hakupenda vumbi ifike juu ya kwao."

"Bon. Hii njo shida yangu. Unaniambia bleu, unaniambia vert, na Georges anasema umetoa yote humu ndani ya calendrier. Niambie kintu calendrier haijue."

Henriette alikunywa chai taratibu, kama mtu anayepewa nafasi ya kurudi mahali anapopapenda.

"Calendrier haijue mawingu, chef. Tulipanda mulima na gari, maua huku na huku ya barabara, nikasema leo nitaona ile maziwa nilipangusa miaka kumi na mbili. Tukafika juu. Hakuna! Weupe tu. Sawa vile mutu amefunika nyungu na kifuniko. Dona Leonor akacheka mpaka machozi. Akasema, 'Henriette, hapa njo kwetu kabisa.' Jirani akatupiga photo."

Mwilambwe akaitazama picha upya. Ule weupe haukuwa na mkunjo hata mmoja, na shuka iliyotundikwa haikosi mikunjo. Lakini mkunjo si ushahidi wa kumpelekea mwendesha mashtaka.

"Endelea."

"Tukashuka ndani. Ile kijiji iko mu tumbo ya mulima, chef! Zamani kulikuwa moto, sasa kuko ng'ombe na mahindi. Bantu bakatoka mu nyumba zote kumupokea Dona Leonor, alikuwa aliondoka pale akiwa bibi-arusi. Na minye bakanipokea vilevile. Kulikuwa baridi mu mwezi ya sita, fikiria. Mama mumoja akavua koti yake ya manyoya ya kondoo, akanivalisha, akaenda kwake na baridi. Bakanipa mukate ya mahindi. Nikaonja, nikasema, lakini hii njo bukari, bameichoma tu mu tanuru!" Alicheka, na askari mlangoni naye akacheka, maana bukari ndiyo ugali wa kule, na nani asiyeijua. "Sitawasahau bale bantu. Mutu hakukujua, hajue luga yako, anakupa koti ya mugongo yake."

"Na maziwa?"

"Siku ya ine mawingu yakafunguka." Akaweka kikombe chini. "Niliona ile ya vert. Vert kabisa, chef, kama jiwe ya malachite. Na batoto saba banaoga ndani."

Mwilambwe alizaliwa Panda, mtaa wa pili kutoka kwa kina Henriette. Hakuhitaji kufafanuliwa. Hakuna mtoto wa Panda ambaye hakuchapwa kwa ajili ya maji ya kijani. Maji ya kijani yalikaa katika mashimo ya machimbo ya zamani, yamelala juu ya mawe ya shaba, na mama zao waliwaimbia tangu wakiwa mgongoni: yakiwa kijani usiguse, usinawe, mbuzi akinywa usile nyama yake.

"Ukafanya nini?"

"Nilikamata fimbo, nikabafukuza bote saba! Nilipiga kelele na kiswahili, na kireno ya mu jikoni. Bamama bakakuja mbio. Nikabaonyesha mayi, nikashika tumbo, nikafunga macho sawa maiti. Bakacheka kidogo, lakini bakaona namna ninatetemeka. Bakapeleka batoto ku nyumba. Juma mbili na nusu hakuna mutoto alioga mu ile ziwa. Na ilikuwa likizo, na jua. Batoto balinichukia!"

"Halafu?"

"Halafu bakaoga."

"Nani aliwaruhusu?"

"Ilionekana mayi iko muzuri."

"Ilionekana na nani?"

Henriette akatazama ndani ya kikombe, ambamo hakukuwa na kitu tena. "Na bantu ba kule."

Mwilambwe akaweka kalamu. "Mama, bale bantu banaoga mu ile ziwa tangu ba nkambo, ba babu wao, na hukubaamini. Halafu siku moja ukabaamini bure?"

Nje gari la mchanga lilipita.

"Andika tu niliiba, chef," alisema Henriette. "Andika, iishe."

Katika miaka kumi na tisa ya kazi, Mwilambwe alikuwa ameona wezi wakikana huku mali ikiwa mikononi. Hakuwahi kuona mtu akikubali wizi wa cherehani kwa sababu ameulizwa habari za watoto kuoga. Hakuandika. Alimwambia askari ampe mama chai nyingine, akachukua faili na kofia.

Mtu akiulizwa jambo dogo akalipa kwa jambo kubwa, basi jambo dogo ndilo kubwa. Kulikuwa na mtu nyuma ya maji yale, na Henriette alikuwa tayari kufungwa ili mtu huyo asitajwe. Na mtu wa Panda, kwa habari za shaba, haamini padri, haamini daktari, haamini hata macho yake. Anaamini maabara. Katika ukurasa wa kwanza wa faili, chini ya familia ya mtuhumiwa, palikuwa na mstari mmoja: mdogo wake, Augustin, mpimaji wa madini katika maabara ya kampuni ya shaba, Panda. Alihojiwa Jumanne. Jibu: sina la kusema.

Gari la ofisi halikuwa na mafuta, kama kawaida yake, hivyo Inspekta akapanda baiskeli. Mijakaranda ilikuwa imechanua, na alikanyaga maua njia nzima bila kuyatazama.

Augustin alikuwa mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililotobolewa na asidi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akipanga vifuko vya mawe yaliyosagwa, kila kifuko na namba yake. Alipomwona Inspekta hakuacha kupanga.

"Nilisha kusema sina la kusema."

"Nimesoma. Yaya yako ameniambia niandike ameiba."

Vifuko vikasimama. Kule yaya ni ndugu mkubwa, na yaya huyu, kama Mwilambwe alivyokuja kujua baada ya dakika mbili, ndiye aliyemlea Augustin tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa kuuza mandazi mlangoni mwa shule yake.

"Juu ya nini aseme vile?" Augustin aliuliza.

"Juu nilimuuliza nani alipima mayi."

Augustin alikaa juu ya kigoda. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti lenye matundu. "Chef, hapa sampuli ya inje ni marufuku. Ya kampuni tu. Nikikamatwa, kazi inaisha. Na nyumba tunamolala ni ya kampuni, na batoto yangu iko sita, na masomo yao ni ya kampuni. Yaya anajua. Jumanne, walipokuwa wanamupeleka, alinitazama na akafanya hivi." Akaweka kidole midomoni.

"Sasa saa tatu na nusu," alisema Mwilambwe. "Saa sita anaenda gereza."

"Tangu Jumanne ninangojea aniruhusu niseme. Haniruhusu." Augustin akasimama, akavuta ngazi, akapanda mpaka rafu ya juu. "Basi ninajiruhusu mwenyewe."

Akashuka na rejesta kubwa ya mgongo wa kitambaa cha kijivu. Aliifungua mahali pake mara moja, bila kutafuta. Namba 1147, tarehe tatu Julai. Maji, ziwa la kijani, kisiwa cha São Miguel. Aliyeomba: Mwewa Henriette. Tarehe tano Julai, shaba: hakuna. Mwandiko ulikuwa ule ule wa mistari mingine yote, umenyooka, hauna haya.

"Padri mumoja alikuwa anatoka ile kisiwa anakwenda misheni ya mbali. Alipitisha chupa na barua. Yaya aliandika, 'Augustin, pima mbio, batoto bananichukia.'"

"Na ukaandika mu registre? Kintu cha marufuku, ukakiandika?"

Augustin alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nitapima bila kuandika? Minye?"

Chini ya mstari ule, kwa pini, palikuwa na karatasi mbili za telegramu. Ya kwanza ilikuwa nakala ya iliyotoka Likasi tarehe tano: MAYI MUZURI. SHABA HAIKO. BATOTO BAOGE. JIBU KAMA UMEPATA. AUGUSTIN.

"Kwa nini ajibu?"

"Njo kanuni. Sampuli haifungwi mpaka ule aliomba asaini kwamba amepata. Awe ingénieur, awe yaya yangu. Bila jibu, ile mustari ingebaki wazi mpaka leo."

Mwilambwe akainua karatasi ya pili. Imetoka São Miguel, tarehe nane Julai, saa tano na dakika kumi asubuhi. Imepokelewa Likasi Jumatatu, tarehe kumi. NIMEPATA. BATOTO BANAOGA. BAMAMA BANAKUSALIMIA. AKSANTI MUDOGO YANGU. HENRIETTE.

Aliisoma mara mbili. Tarehe nane, saa tano asubuhi. Mchana uleule, kwa maneno ya karatasi ya mlinzi, mwanamke huyu alikuwa Likasi amebeba cherehani kichwani na kumsalimu mzee Édouard. Ndege ya namna hiyo ilikuwa bado haijaundwa. Mtu mwingine angeweza kuituma? Huko kisiwani ni nani mwingine aliyejua Kiswahili cha Panda, jina la Augustin, na habari ya watoto waliofukuzwa kwa fimbo?

"Augustin," alisema, "ninakushukuru. Ninakushukuru vraiment." Hakuwa mtu wa kushukuru watu kazini, na maneno yalimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka.

"Chukua tu, chef. Andika hata jina yangu. Watoto watakula mandazi, sawa minye nilikula."

Hapo ndipo Mwilambwe alipoona wino mwekundu. Ulikuwa pembeni kabisa mwa ukurasa, mwandiko mdogo, na tarehe: 12 Julai.

"Hii nani ameandika?"

Augustin alisogeza miwani. Alikuwa hajaufungua ukurasa ule tangu alipobana pini ya mwisho. Alikuwa akiogopa hata kuugeuza. "Wino mwekundu ni ya chef wa maabara. Anapitia registre yote, kila juma." Akasoma, akasoma tena.

Mkuu wa maabara alikuwa mtu mkavu ambaye hakuwahi kumwambia Augustin zaidi ya habari ya asubuhi. Alikuwa ameandika: *Nimeona. Kazi safi. Lakini maziwa ni mawili na sampuli ni moja. Iletwe na ya ziwa la bluu.*

Augustin akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, kisha akageuka ukutani, na mabega yake yakaendelea kutikisika muda kidogo. Inspekta akajifanya anasoma namba za vifuko. Baadaye alipotaka kuondoka na rejesta, Augustin alimzuia mlangoni: hapa hakitoki kitu bila sahihi. Inspekta akasaini.

Saa tano mzee Édouard aliketi ofisini, kofia mapajani.

"Baba, hii karatasi ulitia kidole, inasema nini?"

"Iko ya zamu, chef. Ya zamu za ulinzi. Georges alinisomea."

"Inasema uliona Mama Henriette anaiba cherehani."

Mzee alisimama wima. "Henriette? Ule aliniletea dawa bibi yangu alipougua? Nilimuona wapi? Nilisikia bameenda Ulaya!"

Saa sita kasoro robo mwendesha mashtaka alisoma telegramu mbili, akasoma wino mwekundu, akatabasamu kwa mara ya kwanza juma lile, na akatia sahihi yake kwenye karatasi nyingine kabisa. Askari akatumwa dukani kumwita Georges Kabamba, sasa si kama mlalamikaji. Mbali na Henriette, ni yeye tu aliyekuwa na ufunguo, na yeye ndiye aliyemsomea mzee asiyejua kusoma.

Henriette alipoonyeshwa maneno ya wino mwekundu hakucheka kama mdogo wake. Aliomba asomewe tena. "Kumbe alijua," alisema. "Mungu amubariki. Minye nilikuwa naenda gereza juu ya kintu kimeandikwa mu registre." Akamshukuru mwendesha mashtaka, akamshukuru askari wa chai, akamshukuru hata mzee Édouard, aliyekuwa akilia.

Mwilambwe akamrudishia picha na kalenda. Chupa akaibakiza mkononi. "Na hii, mama?"

"Njo ile ya bleu." Aliipokea kwa mikono miwili. "Nilichota asubuhi moja, nilipokwisha kumuzika Dona Leonor. Aliniagiza. Bwana yake amelala hapa Likasi, alikufa bila kurudi kuona kwao. Akasema, 'Henriette, kama yeye hawezi kwenda ku mayi, mupelekee mayi.' Nilifika Jumatatu usiku. Nilitaka kwenda Jumanne asubuhi. Jumanne mukanikamata."

Inspekta Mwilambwe alivaa kofia yake tena.

Saa tisa mchana walikuwa watatu makaburini: Henriette, Inspekta, na Augustin aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini akiwa na koti lake la matundu. Kaburi la mzee Medeiros lilikuwa na vumbi la miezi minne tu. Henriette ndiye aliyekuwa akilifagia miaka yote ile. Alipasua nta kwa ukucha, akang'oa kizibo, akamimina polepole kuanzia kichwani. Maji hayakuwa ya bluu. Yalikuwa maji tu, meupe, na udongo mkavu wa Oktoba uliyanywa papo hapo.

"Yaya," Augustin alinong'ona, "acha kidogo. Chef wa maabara anangojea."

Henriette akasimamisha mkono. Yalibaki maji ya kimo cha kidole. Akaiziba chupa, akampa. Augustin, pale pale, akatoa mfukoni kibandiko na kalamu, akapiga goti moja, chupa juu ya paja.

"Nani ameomba? Niandike weye?"

"Hapana. Andika Dona Leonor, njo aliomba."

Augustin aliandika nusu ya jina, akasita. "Na nani atasaini kama imefika?"

Henriette aliutazama udongo, ambao tayari ulikuwa umeanza kukauka kwenye kingo.

"Imefika," alisema. "Lete, nitasaini minye."